Chuma Kinachobembeleza

Kiharusi kilipomwangusha fundi Venant kilimchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yote isipokuwa moja. Lililobaki lilikuwa ndiyo. Ukimuuliza kama amelala vizuri, ndiyo. Ukimuuliza kama hakupata hata lepe la usingizi, ndiyo vilevile. Na kwa kuwa watu ni wepesi wa kuona palipo na faida, haukupita muda mtaa wao wa Makanyagio, hapo Mpanda mjini, ukajua kwamba kwa fundi Venant hakuna ombi linalokataliwa.

Jirani mmoja aliomba grinda ya kukatia chuma, akajibiwa ndiyo, akaondoka nayo. Mteja aliyekuwa hajamalizia malipo ya geti alikuja na uso wa huruma, akasema, "Fundi, si tulielewana kwamba lile geti tulishamalizana?" Ndiyo. Mama wa nyumba ya tatu aliomba bati lililoegeshwa ukutani, bati ambalo Theopista, mke wa Venant, alikuwa amelitunza kwa ajili ya paa la jiko. Theopista alirudi sokoni akakuta ukuta mtupu. Alipokwenda kulidai, yule mama alimshangaa.

"Mbona nilimuomba mwenyewe, akasema ndiyo? Au kwenu mwanaume akisema, halijasemwa?"

Theopista aliondoka bila bati. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya biashara, maana kila jioni alikaa barabarani na sufuria la maharage ya kuchemsha akiwapimia watu kwa kikombe, na muuza maharage asiyejua kuita watu hulala na maharage yake. Lakini siku ile sauti hiyo hakuitumia. Aliketi chini mbele ya kiti cha mumewe, akamtazama usoni.

"Baba Josephina, yule mama umempa bati letu?"

"Ndiyo."

"Au hukumpa, kalichukua tu?"

"Ndiyo," alisema Venant, na machozi yakamlengalenga. Alisikia kila kitu na alielewa kila kitu. Alitaka kusema jingine, ila kila alipofungua mdomo lilitoka lile lile, naye akabaki kulishangaa kama wengine.

Theopista alimfuta machozi kwa upindo wa kanga, akaenda kuwasha moto. Alikuwa na hasira, na kwa kuwa hakuwa na pa kuzipeleka alizimalizia kwenye kuni.

Hayo ya bati na grinda yangevumilika. Lisilovumilika lilikuja na gari la dagaa kutoka Ikola.

Aliyeshuka alikuwa Agustino, kaka mkubwa wa Venant, mtu wa ziwani mwenye mabega mapana na mtumbwi wake mwenyewe. Alikuwa ameongozana na mtu mmoja wa maombi aitwaye Amosi, mwembamba, mwenye suti kubwa kumpita. Agustino aliweka kiroba cha dagaa mlangoni, akamwinamia mdogo wake, akamshika ule mkono uliolegea, akalia mbele ya watu bila kujificha. Theopista alimpenda kwa machozi yale. Akampa kiti kizuri.

"Shemeji," Agustino alianza alipokwisha kujifuta, "mtu akiugua namna hii anarudi kwao. Kule Ikola kuna ndugu wa kumgeuza, kuna samaki wabichi, kuna maombi asubuhi na jioni. Hapa ana nini? Wewe kutwa uko kwenye maharage, mtoto yuko shule. Mdogo wangu anashinda na kuku."

"Anashinda na kuku, analala na mimi," alisema Theopista. "Mimi ndiye kwao."

"Sikatai, shemeji. Lakini unamlisha nini? Mashine yake ya kuchomelea imelala tu pale bandani. Tuiuze, pesa imtunze."

"Mashine haiuzwi. Callixte anaikodi pamoja na banda. Akishamaliza kazi aliyonayo anahamia, atakuwa analipa kila wiki. Tumeshaelewana."

Callixte alikuwa fundi mwenzake Venant, mzaliwa wa Mishamo, mtu mzima mwenye familia yake, mwaminifu hata ukimkabidhi funguo za nyumba. Kodi ya Callixte ndiyo ilikuwa tegemeo lote la Theopista. Ndiyo ingelipa michango ya shule ya Josephina, ndiyo ingenunua dawa za presha. Maharage yangebaki kuwa ya chumvi na sabuni.

"Mwenyewe amekubali?" aliuliza Agustino.

"Amekubali."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Agustino alitikisa kichwa taratibu, akamgeukia mdogo wake. "Venant, twende nyumbani Ikola?"

"Ndiyo," alisema Venant.

"Haya." Agustino hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililomuuma Theopista zaidi. "Umesikia mwenyewe, shemeji. Kama ndiyo ya Callixte ni ndiyo, na hii ni ndiyo. Utachagua ipi ni ya kweli?"

Theopista alijiona amebanwa mlangoni kwake, tena na mlango alioufunga mwenyewe.

Agustino alikata shauri. Siku zile kulikuwa na giza, na gizani ndipo dagaa wanapovuliwa kwa taa. Hakuweza kuacha mtumbwi. Mbalamwezi ikiingia, mitumbwi ikipanda ufukoni, angerudi na gari kumchukua mdogo wake, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, isije ikasemwa amemwiba. Walipoondoka, Theopista alikichambua kile kiroba cha dagaa hadi mwisho, kokoto moja moja, akiwaza afanye nini.

Jumapili iliyofuata, Josephina, binti yao wa kidato cha tatu, alikuwa anafuta vumbi sebuleni. Akafika kwenye sabufa ya baba yake, akaiwasha ili apate muziki wa kufanyia kazi. Flashi ilikuwa bado imechomekwa kama Venant alivyoiacha, na wimbo ulioanza ulikuwa ule ule.

Mtaa mzima uliujua. Ulikuwa wimbo wa Kizungu wa zamani, wa bendi ambayo Venant hakuwahi kulitamka jina lake mara mbili kwa namna moja. Aliupata kwenye kanda akiwa anajifunza ufundi, akaununua tena kwenye CD, kisha akamlipa kijana wa steshenari amwekee kwenye flashi. Unaanza kwa upole: gitaa moja, uzi mmoja, kama mtu anayebisha hodi akiwa hana hakika kama atafunguliwa. Mwanaume anaimba kwa sauti ya chini, karibu ya kuongea. Halafu ngoma zinapigwa mara tatu, po, po, po, naye anatoa ukelele wa vipande vitatu juu yake, na kila kitu kinalipuka. Magitaa yananguruma, matoazi yanagongana, na yule aliyekuwa anaongea polepole anapaza sauti hadi unaiona mishipa ya shingo yake bila kumwona yeye. Vijana waliozoea Bongo Fleva waliuita muziki wa mashetani. Venant aliwajibu akiwa na miwani ya kuchomelea usoni: "Nyie hamsikilizi. Sikieni chuma kinavyobembeleza."

Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yake, na alikuwa tayari kuitetea kwa yeyote aliyeleta dirisha la kuunga. Kwenye nyimbo nyingine za mapenzi, alisema, mwanaume anajipaka mafuta ndipo ananong'ona. Huyu kaachwa na hajali nani anamsikia. Na lile gitaa linalobaki peke yake baada ya ubeti wa pili, Venant alilisimamishia kazi. Alizima mashine, akapandisha miwani kwenye paji la uso, akasikiliza sauti ikipanda, ikipanda, hadi inakatika kama pumzi. "Hapo," alisema. "Mmeona? Hapo mtu amelia bila machozi." Mteja akasubiri. Theopista alisubiri pia, miaka yote ya ndoa yao, na mara nyingi alichokuwa anasubiri ni uishe ili apige kelele: "Punguza hiyo mitambo, watu wanaumwa vichwa!"

Sasa alikuwa uani anaosha masufuria. Alisikia po, po, po, halafu akasikia sauti mbili. Moja ilikuwa ya mzungu. Nyingine ilikuwa ya kukwaruza, ya mtu asiyetumia koo lake kwa miezi, na ilikuwa inaimba maneno. Si ndiyo. Maneno, Kiingereza kilichokatwakatwa, mstari baada ya mstari. Theopista aliingia mbio na povu mikononi. Josephina alikuwa amesimama na tambara kifuani. Venant alikuwa kitini, macho yamefumbwa, mkono wa kushoto unapiga paja, anaimba.

Wimbo ulikwisha.

"Baba!" Josephina alipiga magoti. "Umeimba! Unaweza kuongea?"

"Ndiyo," alisema Venant. Na wote watatu wakajua kwamba hapana, hawezi.

Theopista hakuwa mtu wa kuachia kitu akishakishika. Siku ile ile alijaribu nyimbo za kanisani, kwa kuwa zina Kiswahili kizuri na zingeleta heshima zaidi. Aliimba zote alizozijua, akampigia makofi, akambembeleza. Venant alimtazama kwa upole na hakutoa hata silabi. Ukweli ni kwamba kanisani alikuwa mtu wa kusimama na kufunga mdomo. Wimbo alioujua hadi mifupani ulikuwa mmoja.

"Josephina," alisema Theopista, "huyu mzungu anasema nini?"

Josephina aliurudisha wimbo mara kadhaa, sikio kwenye spika. "Anamwambia mwanamke asiondoke. Anasema akiondoka ataibomoa nyumba kwa mikono yake, halafu ataijenga tena ile ile, ili akirudi asipotee njia."

"Hayo tu?"

"Hayo tu, mama. Anarudia."

Theopista aliona aibu, na hakuwa na pa kuiweka. Mumewe hakujua Kiingereza. Asingeweza kujua maana ya hata mstari mmoja. Hata hivyo miaka yote alikuwa amempigia mke wake wimbo huo kwa sauti ya juu kabisa, naye alikuwa anamjibu apunguze. Akajifuta mikono.

"Pale kwenye ngoma tatu," alisema. "Yule mzungu anasema vitu vitatu. Ha, pa, na, si vitatu?"

"Mama!"

"Mimi nakuuliza. Ni vitatu au si vitatu?"

Wakaanza kazi. Asubuhi kabla ya shule, jioni baada ya maharage, Theopista aliketi kwenye kigoda mbele ya mumewe, akamshika mkono wa kushoto, na ngoma tatu zilipofika aliupiga huo mkono kwenye mbao ya kiti, mara tatu, akiimba mwenyewe: ha, pa, na. Venant alimfuata kwa macho, akavuta pumzi, akatoa Kiingereza. Wakarudia. Kiingereza. Wakarudia. Siku moja alitoa ndiyo kwa sauti ya yule mzungu, kwa ukelele kamili, na Josephina akacheka hadi akakaa chini. Theopista hakucheka. Alitupa mwiko uani, akatoka nje, akasimama nyuma ya jiko lisilo na bati akilia kwa kwikwi. Aliporudi alimkuta mumewe anapiga mbao peke yake, po, po, po, anasubiri.

Mtaa nao ulikuwa na ya kwake. Ilisemwa kwamba mke wa Venant amemfungulia mgonjwa disko. Ilisemwa pia kwamba fundi hajui tena Kiswahili, amebaki na lugha ya Kizungu, na hayo si ya kawaida. Kiongozi wa jumuiya alikuja na jicho moja la huruma na jingine la kuchunguza, akamshauri Theopista auzime ule muziki usije ukamvutia mgonjwa mambo mengine.

"Mambo gani, mama?" aliuliza Theopista.

"Wewe mwenyewe unajua."

"Sijui. Karibu maharage."

"Ha" ilitoka kwanza. Siku kadhaa ilikuwa ha peke yake, kisha ikawa hapa, na kwenye hapa wakakwama muda mrefu hadi Theopista akaanza kuhesabu ukubwa wa mwezi kila alipofunika masufuria yake. Mwezi ulikuwa umeshanenepa upande mmoja siku ile ngoma tatu zilipopigwa na Venant akaimba, kwa ukali ule ule wa mzungu wake, akilitandaza neno lote juu ya magitaa: "Haa! Paa! Naa!" Alishtuka kuliko wote. Akaimba tena kabla hajaulizwa. Theopista alimkumbatia kichwa, akakibana kifuani kwake hadi miwani ya Josephina ikaanguka, kwa kuwa naye alikuwa amejiingiza katikati.

Ila ilikuwa hivyo tu: sabufa ikiwaka na mkono ukipigwa, ilitoka. Sabufa ikizimwa, ilikuwa ndiyo.

Agustino alirudi na gari alilolikodi, godoro limeshatandikwa nyuma. Amosi alikuwepo, na safari hii alikuwa na chupa ya mafuta ya upako. Mwenyekiti wa mtaa, mzee Malale, Msukuma mrefu aliyehamia na ng'ombe zamani akabaki mjini bila ng'ombe, aliketi katikati. Majirani walijaa uani kama msibani. Yule mama wa bati alipata mahali pazuri pa mbele. Callixte alisimama karibu na banda, kofia mkononi.

"Shemeji," Agustino alianza, "nimepigiwa simu nikiwa majini. Naambiwa mdogo wangu anapiga kelele za Kizungu. Mtu asiyeweza kusema jina la mama yake anaimba Kiingereza. Mimi sikusoma, lakini hilo najua si ugonjwa."

"Ni pepo," alisema Amosi. "Amefunga ulimi wa mwenye nyumba, anaongea yeye."

Watu waliguna. Theopista alisimama.

"Mwenyekiti, naomba niulize swali moja." Akamgeukia mumewe, na kabla ya kuuliza alimuomba radhi kwa macho. "Venant, mimi ni mama yako mzazi?"

"Ndiyo."

Uani kulilipuka kicheko. Venant aliinamisha kichwa. Theopista alikiona kichwa kile kinavyoinama na moyo ukamkata, lakini hakurudi nyuma.

"Mmecheka," alisema. "Sasa mwambieni shemeji ile ndiyo ya kumbebea mdogo wake kwenye gari ni ndiyo gani."

"Umemdhalilisha mume wako mbele za watu," alisema Agustino.

"Nimemdhalilisha. Afadhali mimi. Josephina, washa."

"Hapana!" Amosi aliinua mkono. "Hiyo sabufa isiguswe. Ndiyo mlango wake."

Mzee Malale alijikuna ndevu. "Mama Josephina, na mimi naona hivyo. Si kwa habari ya pepo, hayo siyajui. Lakini ikiwaka mashine tutasema imesema mashine. Kama mwenyewe ana neno, aliseme bila umeme."

Josephina alimtazama mama yake kwa hofu. Bila sabufa haikuwahi kutoka, hata mara moja. Theopista alifikiria godoro lililotandikwa garini. Alifikiria kiti hiki kikiwa kitupu, na yeye akipita mbele yake kila siku na sufuria.

Basi akaimba mwenyewe. Mke wa mtu, mama wa jumuiya, mbele ya mwenyekiti na majirani, alipiga magoti kwenye vumbi akaanza kwa mdomo lile gitaa la uzi mmoja, ting, ting, ting, polepole, kama lilivyo. Mtu alicheka. Akaendelea. Aliimba ubeti wa kwanza kwa Kiingereza ambacho kisingeeleweka hata na aliyekitunga, kwa kuwa alikuwa amekisikia miaka yote jikoni bila kujua kwamba anakijua. Sauti ilipanda naye akapanda nayo, ikapasuka, akaiacha ipasuke. Yule mama wa bati alijiziba mdomo kwa kanga. Ilipofika pale panapolipuka, Theopista aliushika mkono wa kushoto wa mumewe, akaupiga kwenye mbao, po, po, po, kwa nguvu zote za mtu anayeuza maharage.

Venant alimtazama. Midomo ilicheza. Haikutoka kitu.

Akarudia. Ting, ting, ting. Hakuna aliyecheka safari hii. Alipofika juu hakuushika tena mkono wa mumewe. Ulikuwa umeshainuka wenyewe. Uligonga mbao mara tatu, na ile sauti ya kukwaruza ikatoka: "Haa! Paa! Naa!"

"Kasema!" mtu alipiga yowe nyuma.

"Amekaririshwa kama kasuku," alisema Amosi haraka. "Sasa atasema hapana kwa kila kitu."

"Hilo linapimika," alisema mzee Malale, akasogeza kiti chake. "Fundi. Wewe unaitwa Venant?"

"Ndiyo."

"Wewe ni mchunga ng'ombe?"

Mkono ulipiga mbao, na sauti ikatoka kwa taabu, na tuni yake yote. "Haa. Paa. Na."

"Mimi ni Msukuma?"

"Ndiyo."

"Mke wako anajua kuimba?"

Po, po, po. "Hapaa-na!"

Watu walicheka tena, ila kicheko hiki kilikuwa cha namna nyingine, na Venant mwenyewe alicheka ndani yake, upande mmoja wa uso. Theopista alikaa vumbini palepale, koo linamuwaka. Hakuwahi kutukanwa vizuri namna ile.

Agustino ndiye hakucheka. Alikuja akachuchumaa mbele ya mdogo wake, akawapa watu mgongo. Alimuuliza kwa Kibende, lugha ya mama yao, kwa sauti ya chini, na wachache walioielewa walisikia kwamba hakumuuliza tena kama waende. Alimuuliza kama angependa kubaki huku, mbali na ziwa, mbali na kaburi la mama. Venant alisema ndiyo. Agustino akauchukua ule mkono wa kushoto wa mdogo wake, na kwa mkono wake mwenyewe akaupiga kwenye mbao, mara tatu, taratibu, akampa nafasi.

"Twende Ikola, Venant?"

"Haa. Pa. Na."

Agustino aliinuka. Uso ulikuwa umemshuka, na hakuuficha. "Sawa," alisema. "Amekataa. Nimesikia." Akamwambia dereva akunje godoro. Amosi alitaka kusema jambo kuhusu mafuta. Agustino alimwambia ayahifadhi.

Theopista alimfuata hadi langoni. "Shemeji, usiende na kinyongo. Atakuja kusalimia akipata nguvu ya safari."

"Sina kinyongo. Nina uchungu, ni tofauti." Akamtazama. "Ila swali langu lile hujalijibu. Mtakula nini?"

"Nilikujibu siku ile ile. Callixte huyo hapo, muulize."

Callixte alisogea, akageuza kofia yake mikononi. Alikuwa amefurahi kweli, alikuwa amemlilia Venant kuliko ndugu wengine. "Ni kweli, kaka. Ile kazi nimemaliza. Kesho naingia bandani, nawasha mashine. Kama tulivyoelewana, shemeji?"

Theopista alikuwa ameshafungua mdomo kusema karibu. Nyuma yake, uani, mbao iligongwa. Po, po, po.

Watu waliokuwa wanatawanyika walisimama. Venant alikuwa amejiinua kitini, amejiegemeza kwenye ule mkono mmoja, shingo imemtoka mishipa. Hakuwa anamtazama Agustino. Alikuwa anatazama banda lake, na mashine ndani yake, na aliimba neno lile kwa nguvu kuliko alivyoliimba mbele ya kikao chote.

"Haa! Paa! Naa!"

"Hapana nini, baba Josephina?" Theopista alirudi mbio. "Callixte? Mashine? Si ulikubali? Ni yeye atakayetulisha, tutakula nini sisi?"

Venant hakuwa na neno la hilo. Alikuwa na maneno mawili tu duniani, na lile moja alishalitumia. Alimtazama mke wake, akajipiga kifua kwa ile ngumi ya kushoto, akanyoosha kidole bandani, akajipiga kifua tena. Theopista alisikia hasira zikimpanda kama za siku ya mwiko. Michango ya shule, dawa za presha, wiki hii, wiki ijayo, vyote vilimpita machoni. Angeweza kumwambia Callixte aje tu. Hakuna ambaye angemlaumu. Angemuuliza mumewe tena baadaye wakiwa wawili, polepole, bila mbao wala wimbo, na jibu angelipata.

Langoni Agustino alikuwa anatazama.

Theopista alijipangusa vumbi magotini, akarudi hadi alipo Callixte.

"Samahani, shemeji yangu. Usije kesho."

"Lakini shemeji," Callixte alichanganyikiwa, "tulishaelewana. Mimi na wewe, hapa hapa."

"Tulielewana mimi na wewe," alisema Theopista. "Mwenye mashine ameulizwa leo."